Mbwa Kwenye Gari Jeupe

Novemba Dodoma, mvua zikiwa bado zinasuasua, jua halimhurumii mtu. Siku hiyo nilikwenda mjini kununua koki, maana ya bafuni kwetu Miyuji ilikuwa inavuja. Nje ya duka la vifaa vya ujenzi palikuwa na gari dogo jeupe, vioo vyote vimefungwa. Nilipokuwa nalipita nikasikia kitu kikikwaruza mlango kwa ndani.

Nikachungulia. Mbwa mkubwa wa kahawia alikuwa amelala kiti cha nyuma, ulimi nje, kifua kimelowa mate, anahema kama mvukuto. Nikagonga kioo. Hakuinua hata kichwa.

Mwenye duka, mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapahapa mjini, alitoka akapaza sauti: "Gari jeupe la nani?" Mimi nikaenda kuuliza duka la dawa, nikauliza na saluni. Hakuna aliyelijua. Niliporudi, macho ya yule mbwa yalikuwa yameanza kugeuka.

"Baba, naomba nyundo."

"Mama, gari la watu hilo. Utapelekwa polisi."

"Nitakwenda. Nipe nyundo."

Alinitazama, akaingia ndani, akarudi nayo. "Vunja kile kioo kidogo," alisema, "vipande visimwangukie."

Nilipiga mara ya kwanza kwa woga, kioo kikanicheka. Mara ya pili nilipiga kweli. Joto lililotoka mle lilinipiga usoni kama nimefunua chungu kilicho motoni. Nikapenyeza mkono, nikafungua mlango.

Mimi ni Mrangi wa Kondoa, Mwislamu. Nyumbani kwetu mate ya mbwa ni najisi, hayaguswi. Mikono ilisita kidogo, kisha nikamkumbatia kifuani na kumburura hadi kwenye kivuli cha baraza. Mzee alileta ndoo ya maji. Tukamlowesha tumbo, nyayo na masikio, nikatumia mtandio wangu kumfuta.

Ndipo akaja msichana mbio, kitambulisho cha kazini kinaning'inia shingoni. "Nani kavunja gari langu?"

"Mimi."

Akamwona mbwa, akakaa chini pale pale vumbini. "Nililiacha linaunguruma, kiyoyozi kimewashwa," alisema akilia. "Nilijua naingia benki mara moja tu." Injini ilikuwa imezima yenyewe.

Nilikuwa na hasira ya kumzaba kofi. "Shika miguu ya nyuma," nilimwambia. "Twende kwa daktari wa mifugo."

Tulikwenda na gari lilelile, mimi nyuma na mbwa mapajani. Daktari alimtundikia dripu. Alasiri mbwa akasimama, akayumba, akanywa maji mwenyewe. Yule msichana alinishika mkono.

Nyumbani nilimweleza mama yangu yote, nikitegemea maneno. Akachota udongo uani, akanimiminia maji nijitwahirishe mikono. "Kama ungemwacha afe," alisema, "hapo ndipo ningekugombeza."

Tangu siku hiyo sipiti gari lililoegeshwa juani bila kuchungulia. Juzi mlinzi mmoja alinifokea: "Wewe mama, unatafuta nini kwenye magari ya watu?"

"Kiumbe," nilimjibu, nikasogea kwenye gari linalofuata.