Siku Tulipomwigizisha Mama Mkwe

Swali la kwanza ambalo mwajiri wangu aliuliza kila tulipopata kazi mpya lilikuwa hili: viti vya ukumbi vinabebeka? Vikiwa vimeshikanishwa kwa safu, alitoa mada mbele ya ubao na watu wakaandika. Vikibebeka, tulivipanga duara tukafanya maigizo. Swali la pili: bosi atakaa ndani au atatuachia watu wake? La tatu: siku ngapi? Baada ya hapo mbinu ilikuwa imeshajichagua yenyewe, na sisi tulibaki kuibeba tu hadi ukumbini.

Sote tulimwita Mwalimu, kwa kuwa alikuwa amefundisha shule ya upili kwa miaka mingi kabla ya kugeukia kazi ya kuwanoa wasimamizi wa viwanda na viongozi wa vyama. Ofisi yake ilikuwa meza ya kulia chakula nyumbani kwake Buruburu. Kabatini alirundika mafaili ya semina alizohudhuria yeye mwenyewe. Chini kabisa ilikuwa mihadhara, juu yake michezo ya kamba na vijiti, na juu ya yote fomu za kujipima zenye visanduku vidogo. Alitumia kile alichojifunza mwisho. Hakuwa mvivu. Alikuwa amechoka, na uchovu wake ulianza kuniingia mimi pia nikiwa na miaka ishirini na minne tu, msichana anayeishi na mamake Makadara, anayempigia Mwalimu chapa ripoti mchana na kuandika riwaya yake alfajiri.

Katikati ya miaka ya tisini tulipata kazi ya kiwanda kimoja cha sabuni. Wasimamizi kumi na mmoja, siku mbili, ukumbi wa kanisa karibu na Jogoo Road. Kati yao mwanamke alikuwa mmoja tu. Alikuwa amefunga sabuni kwenye makatoni kwa miaka kumi na miwili, kisha akapewa kukaimu usimamizi wa sehemu hiyo ya kufunga, na sasa alikuwa na miezi minane ya kukaimu. Meneja wa wafanyakazi alituambia wazi: baada ya semina anataka karatasi moja inayosema kama mama huyu athibitishwe au arudi mezani kufunga sabuni.

Mwalimu alifikiri kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Zamani kulikuwa na njia moja," alisema. "Unakaa na mtu kazini kutwa nzima, umenyamaza, unatazama. Jioni mnazungumza. Lakini hakuna mteja anayelipia mtu asimame tu atazame."

"Tufanye maigizo," nikasema. "Mtu akisimama mbele ya watu anaonekana alivyo."

"Wewe unapenda jukwaa, Bi Mwandishi."

"Na viti vinabebeka. Nimeshauliza."

Akacheka kidogo, akaandika maigizo. Kwa hiyo chaguo lile lilikuwa langu. Nililichagua kwa sababu nililipenda.

Siku ya kwanza nilipanga viti duara. Yule mama alichukua chake akakivuta hadi nyuma ya nguzo. Wakati wa chai alitoka nje na kikombe chake, akanywa amesimama uani peke yake. Niliandika kwenye daftari: ni mwoga mbele ya wanaume.

Siku ya pili tulipiga kura za nafasi. Kisa nilikuwa nimekitunga mwenyewe: mfanyakazi amechelewa kwa mara ya tatu wiki hiyo, ananuka pombe, na msimamizi lazima amkaripie na kumrudisha kazini. Mama akaokota karatasi ya msimamizi. Ya mlevi ikamwangukia msimamizi wa upakiaji, kijana mrefu mwenye sauti ya chini. Aliisoma, akaikunja, akainuka nusu.

"Mwalimu, hii mpe mtu mwingine."

"Hakuna kubadilisha," meneja alisema kutoka nyuma. "Kazini unachagua mfanyakazi?"

Mama alisimama. Alivuta leso yake ikafunika kichwa na shavu, akageuka upande, akatazama dirisha. Kijana naye alitazama mlango. Baadhi ya wasimamizi waliinamisha macho sakafuni. Wengine, vijana wa mtaa, walianza kumchochea.

"Mathe, mwambie kitu! Huyo amelewa!"

"Mfukuze, mathe! Ananuka pombe hapa!"

"Wacheni, mathe ameganda!"

Kicheko kikajaa ukumbi. Nilimsogelea nikamnong'oneza, "Mama, ni mchezo tu."

"Mchezo wa nani?" akaniuliza, bila kunitazama. Akarudi nyuma ya nguzo akaketi. Meneja alikuwa anaandika.

Jioni nilimsimulia mama yangu kama kichekesho. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye sinia. Mkono wake ukasimama.

"Huyo mwanamume ni nani wake?"

"Si mtu wake. Wanafanya kazi tu pamoja."

"Uliuliza?"

Nilichota konzi ya maharagwe nikaanza kuchambua.

"Mtu anahamisha kiti, hanywi chai mahali yeye yupo, anajifunika uso. Na wewe umesoma mpaka kidato cha sita! Huyo ni mkwewe. Amemwolea binti."

"Lakini mambo hayo siku hizi, hapa Nairobi..."

"Wewe umezaliwa hapa, utajuaje? Hata sisi Wakamba tunayo. Babako alikuwa akimwona nyanya yako njiani anaingia kichakani. Siku moja aliingia kwenye siafu, akasimama humo humo mpaka mama mkwe apite." Alicheka, kisha akaacha ghafla. "Sasa nyinyi mmemwambia mama wa watu amfokee mume wa binti yake, tena eti ananuka pombe, wanaume wakicheka?"

"Ilikuwa ni kuigiza, Mama."

"Na aibu aliyoipata, nayo ilikuwa ya kuigiza?"

Asubuhi nilikwenda Buruburu mapema. Mwalimu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akavua miwani na kuyasugua macho yake badala ya vioo. Jana yake, baada ya semina, meneja alikuwa amempeleka soko la Burma kula nyama, na hapo juu ya ubavu wa mbuzi mambo yalikuwa yameshaamuliwa. Ameshindwa, meneja alimwambia, wewe umeona, mimi nimeona, niandikie.

"Ripoti anaitaka Ijumaa," Mwalimu alisema.

"Nipe kesho. Nikakae naye kazini."

"Siku hiyo hawakuinunua."

"Najua."

"Basi nenda. Na usimsemeshe. Tazama tu."

Alhamisi nilisimama kutwa nzima karibu na mizani, harufu ya magadi ikinichoma koo. Kati ya sehemu ya kufunga na ile ya upakiaji palikuwa na mlango mpana, na mlangoni kreti iliyopinduliwa. Mama alipomaliza shehena aliandika idadi ya makatoni kwenye karatasi, akaiweka juu ya kreti, akaondoka. Hapo ndipo kijana alipokuja kuichukua. Hawakukutana hata mara moja, na malori hayakusimama.

Saa nne kibarua mmoja wa upakiaji aliwatupia wasichana wa meza maneno machafu. Mama alimgeukia mzee mfagizi aliyekuwa karibu naye, akasema kwa sauti ya kufika mbali, "Mwambie baba wa huko kwamba kuna mtoto wake mmoja hajafunzwa adabu."

Kutoka upande wa pili sauti ya chini ikajibu, "Mwambie mama nimesikia."

Mzee mfagizi hakufungua mdomo. Aliendelea kufagia. Kibarua yule alikuja kuomba msamaha kabla ya chakula cha mchana.

Msichana mmoja alichelewa pia. Mama hakumfokea. Alikuwa ameshasimama mahali pake, akifunga sabuni kwa mikono miwili kwa kasi ambayo sijaona tena, na msichana alipoingia alimwachia nafasi bila neno. Wakati wa mapumziko ndipo alimwita kando. Sikusikia waliyosema, ila nilimwona msichana akiitikia kwa kichwa mara nyingi, na mama akimfunga vizuri kitambaa chake cha kichwa.

Usiku huo Mwalimu aliandika ripoti kwa mkono wake mwenyewe, nikaipiga chapa. Ilieleza habari ya mkwe, ikasema mama anaweza, na kwamba anafanya kazi hiyo tayari. Ijumaa meneja aliisoma mbele yetu.

"Hii ni hadithi," alisema. "Mimi niliona kwa macho yangu."

"Uliona tulichokuonyesha," Mwalimu akajibu. "Kosa ni letu. Shuka sasa hivi nawe ukamtazame, ni nusu saa tu."

Meneja alisema kifua chake hakipatani na magadi. Wakavutana kwa muda. Mwishowe hakumrudisha mama mezani, lakini hakumthibitisha. Angekaimu miezi sita mingine, kisha wangetafutwa wataalamu wengine wampime upya.

Niliomba ruhusa nimpelekee habari mimi mwenyewe. Jumamosi nilimkuta chumbani kwake akijiandaa kwa zamu ya mchana. Aliniwekea chai bila kuniuliza kama nataka. Nilimwambia yote, nikamwomba msamaha.

"Wewe ulikuwa hujui," alisema. "Na yule mzee wako?"

"Yeye pia hakujua. Hakuuliza."

"Mngeniuliza tu, mwanangu. Ningewaambia kabla hamjakunja zile karatasi." Akakoroga chai yake. "Miezi sita. Binti yangu atakuwa ameshajifungua. Nilitaka mtoto azaliwe nyanyake akiwa na kazi yenye jina."

Nikanywa chai yangu hadi chini.

"Hao wengine watakuja na nini?"

"Sijui, Mama. Kila mtu huja na yake."

"Waambie waje tu waketi. Kreti zipo."

Alifunga mlango kwa kufuli, tukatembea pamoja hadi barabarani, kisha yeye akashika njia ya viwandani. Mimi nilikwenda Buruburu, ambako Mwalimu alikuwa ananisubiri na barua ya chama kimoja cha akiba. Walitaka viongozi wao wanolewe kwa siku moja, na walikuwa wamesikia kwamba tunafanya maigizo ya kuchekesha. Alinisukumia barua hiyo mezani. Niliisoma mara mbili, kisha nikachukua kalamu nikaanza kuandika majina ya viongozi hao, na pembeni mwa kila jina nikaacha nafasi ya kuuliza ni nani kwa nani.

"Hiyo itachukua wiki," Mwalimu alisema.

"Ndiyo," nikasema, nikaendelea kuandika.