Mkuki Ubavuni mwa Simba

Mkuki ule niliuchora mimi. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimesema aliuchora jirani yangu wa dawati, na kwa kuwa alihamia mbali, uongo wangu ulinenepa bila kusumbuliwa.

Mwezi uliopita, rafiki yangu, nilipita Marungu nikaambiwa mwalimu wetu bado yu hai, anaishi Kaloleni. Nikapewa namba ya simu ya nyumbani kwake. Nilitumia mwezi mzima kuchagua maneno. Ndiyo faida ya kusoma sana.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya Waingereza ikiwasaka Mau Mau. Jua la kwetu lilikuwa limepausha bendera ya koloni hadi simba wake mwekundu akawa rangi ya chai ya maziwa. DC, mkuu wa wilaya, alikuwa anakuja, basi mwalimu akatuambia tuichore upya kwenye karatasi, zibandikwe ukutani. Tulifagia darasa, tukanyunyiza maji kutuliza vumbi, tukala kimanga kilichopoa, mihogo iliyopondwa na maharagwe, tukaanza.

Simba yule alisimama kwa miguu miwili.

"Huyu anacheza ngoma ama amelewa?" jirani yangu akauliza. Tulicheka. Sisi simba tuliwajua. Walikuja kuchukua mbuzi wetu, na walikuja kwa miguu minne. Nyanya yangu alikuwa akisema simba husimama hivyo mkuki ukishamwingia. Kwa hiyo nikaona aliyebuni bendera amesahau kitu. Nikamsaidia: mkuki ubavuni, na matone ya damu. Nilitaka alama nzuri tu.

Karani wa DC ndiye aliyeuona.

"Nani amechora hii?"

Mwalimu akatutazama mmoja mmoja. Alipofika kwangu nikasema, "Si mimi," kabla sijaulizwa.

"Ni yangu," mwalimu akamwambia karani. "Niliwachorea mfano."

Askari wa DC walimpiga pale pale, mbele ya bendera zetu thelathini, kisha wakamtupa ndani ya lori. Aliporudi kutoka kizuizini, miaka mingi baadaye, mkono wake wa kulia haukuweza kushika chaki. Nilimwona siku moja sokoni Voi, nikavuka barabara. Mwaka huohuo, chuo kikuu, niliandika insha ndefu juu ya ujasiri wa wanyonge, nikasifiwa.

Bendera ile ilishushwa zamani. Darasa lile la udongo limebomoka, na watoto wa leo hawajui kwamba simba yule aliwahi kutuamuru tusimame wima kila asubuhi. Jana nikapiga simu. Aliipokea mke wa mwalimu.

"Nilikuwa mwanafunzi wa mwalimu, mama. Kule Marungu."

"Wewe ndiye wa mkuki?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Aliujua mkono wako tangu siku ile. Nikimwambia akutafute, anasema, 'Mwache, atakuja mwenyewe.' Mgeni akibisha hodi, anauliza kama ni wewe." Nikasikia akivuta pumzi. "Tumemzika Jumamosi, mwanangu."