Ubao wa Kushoto

Kabla barabara haijatiwa lami, kabla hamjazaliwa wengi wenu mnaopita pale bondeni mkisinzia kwenye mabasi, kulikuwa na mwanamke akiitwa Mama Mbao. Hakuuza mbao, wala hakuwa mke wa seremala. Mumewe alikuwa dereva wa lori, na hilo jina alipewa na watu wa barabarani, kwa kuwa kila walipomwona, ama kajitwika ubao kichwani, ama anausugua ubao matope.

Mbao zenyewe zilikuwa mbili, za mti mgumu, nene, kila moja ndefu kama mtu mfupi. Mumewe alizichonga kwa mkono wake. Juu alipigilia vipande vya tairi kuukuu ili zisiteleze, ncha moja akaichonga ikawa nyembamba kama ulimi, na ncha ya pili akatoboa tundu la kamba. Lori likizama, kwanza unafukua tope mbele ya tairi, unausukuma ule ulimi mpaka uingie chini yake, kisha dereva anaondoka polepole, tairi linaupanda ubao kama mzee anavyopanda ngazi. Dereva akiwa na pupa, akakanyaga mafuta kwa hasira, ubao unachomoka na kuruka. Ole wake aliyesimama nyuma yake.

Sasa, dereva akiwa kwenye usukani haoni matairi ya nyuma. Lazima mtu mwingine amwonee. Mtu huyo alikuwa Mama Mbao. Alisimama ubavuni akagonga bodi ya lori kwa kiganja. Akigonga mara moja, simama. Mara mbili, njoo. Hawakupigiana kelele wale. Watu waliozoea kuona madereva na utingo wao wakitukaniana wazazi, walikuwa wakisimama kando kuwatazama wawili hawa wanavyolikwamua lori kimyakimya, kama watu wanaomhamisha mtoto aliyelala.

Kazi hiyo hakuiomba. Alikuwa bado bibi harusi, nguo zake mpya hazijafuliwa hata mara ya pili, utingo wa mumewe alipotoroka katikati ya masika akaacha lori limejaa matofali. Mwanamke akafunga kanga kiunoni, akapanda. Alipanda siku ile, na keshoye, na mwaka uliofuata. Wakagawana: ubao wa kulia wa mume, wa kushoto wa mke. Kila mtu aliosha wake, akautundika mwenyewe ubavuni mwa lori. Hakuna aliyegusa wa mwenzake, kama vile mtu asivyoazima mswaki.

Yangeendelea hivyo, lakini nyumba haikosi wifi.

“Kaka, mkeo ananuka dizeli kukushinda wewe,” wifi alisema siku moja, amekaa mlangoni kanyosha miguu. “Watu wananiuliza, kwenye nyumba ile mume ni nani? Nami sina la kuwajibu.”

Dereva alicheka, ila kicheko hakikufika mbali. Jioni akakohoa mbele ya mkewe, kikohozi cha mtu asiye na mafua.

“Nimeonelea upumzike,” akasema. “Nimepata utingo. Anaanza wiki ijayo.”

“Nani kakwambia nimechoka?”

“Sijasema umechoka.”

“Basi nani aliyechoka? Lori?”

Mume akawa anachokoa kucha. Mama Mbao aliangalia mikono yake mwenyewe, ilivyokomaa viganja kwa kamba na kwa kugonga bodi. Hakuwa mtu wa kulia mbele ya mtu.

“Kama sina nafasi kwenye lori lako, nafasi kwenye nyumba yako sina,” akasema. “Kesho nirudishe kwetu. Na kitanda changu naondoka nacho.”

“Sawa,” mume akajibu.

Neno moja, basi. Angesema la pili pengine yangeisha palepale. Lakini kiburi ni ugonjwa usiouziwa dawa dukani, na wale wawili waliugua pamoja.

Asubuhi kitanda kikapakiwa na sanduku la nguo. Mvua ilikuwa imenyesha, na mawingu bado yamejaa. Mama Mbao alipanda mbele, akakaa wima kama abiria aliyelipa nauli, mkoba mapajani, macho dirishani. Siku zote alizowahi kupanda lori lile hakuwahi kukaa na mkoba. Mashina ya miti aliyoyajua moja moja yalipita, na kila lililopita alikuwa akiliaga moyoni bila kupepesa.

Walipoteremka bondeni, chini ya tanuri za matofali, lori likayumba, likaguna, likazama.

Dereva akashuka. Akazunguka. Akarudi dirishani.

“Ubao wako uko wapi?”

“Wangu? Umeegemea ukuta wa jikoni. Utingo wako mpya atauchukua.”

“Umeuacha?”

“Mtu akiachishwa kazi haendi nayo.”

Dereva akang’ata mdomo. Ubao mmoja haukwamui lori. Tairi moja likishika na la pili likikosa, lile lililokosa ndilo linalozunguka, na lenzake linatulia tu kama mgeni. Yeye alilijua hilo kuliko jina lake. Hata hivyo akachukua jembe, akafukua mbele, akauingiza ubao wake wa kulia, na upande wa kushoto akajaza matawi. Akakimbia kwenye usukani. Akakanyaga. Akashuka, akakimbia nyuma kutazama. Akapanda tena. Mara ya mwisho ubao ulichomoka ukarukia mtaroni, akaufuata akipiga magoti kwenye maji.

Mama Mbao alicheka tumboni mpaka mbavu zikauma, uso mkavu kama tofali. Lakini kila lori lilipozidi kuzama alilisikia mwilini mwake. Mara mbili mkono uliinuka wenyewe ugonge mlango. Akaukalia.

Dereva akaja tena dirishani, tope mpaka kwenye nyusi.

“Shuka basi unisaidie.”

“Mimi leo ni mzigo,” mke akajibu. “Mzigo haushuki, hushushwa.”

“We mwanamke wewe!”

“Enhe, mwanamke. Si ndilo dada yako alilokwambia?”

Dereva alijifuta uso, akazidi kujipaka. Akalitazama lori, akatazama njia, na alipozungumza, sauti haikuwa ya ugomvi.

“Silioni tairi,” akasema. “Miaka yote hii sijapata kuliona. Nilikuwa nakusikia wewe tu.”

Mama Mbao aliuweka mkoba chini, miguuni.

“Nishushe,” akasema.

Akamshusha, kamkumbatia kama gunia la chumvi linaloogopwa kulowa. Mke akaikunja kanga, akazunguka lori, akainama kila upande.

“Nyuma,” akatoa hukumu. “Unalazimisha mbele kwenye maji, na nyuma una ardhi iliyokwisha kukubeba. Huu ujinga umejifunza lini?”

Hakuwa amejifunza popote. Dereva yeyote anajua kwamba ukikwama unatokea ulikoingilia, na yeye alijua tangu lori lilipoguna mara ya kwanza. Lakini mwanamume aliyekubali kwa “sawa” kumrudisha mkewe kwao atarudije kinyumenyume mbele ya macho yake?

“Nyuma ni nyumbani,” akasema polepole.

“Nimesema lori. Mimi sijajisema.”

Palibaki shida ya ubao wa kushoto. Wakatazamana, kisha wote wawili wakakitazama kitanda.

“Zing’oe chaga,” mke akasema.

“Kitanda chako?”

“Si changu? Basi nimeruhusu.”

Wakazing’oa zile mbao za kulalia, wakazifunga pamoja kwa kamba ya kupakilia, mbilimbili, na kuzilaza nyuma ya tairi la kushoto. Mke mwenyewe ndiye aliyefukua, akasukuma ncha zake chini ya tairi kwa kisigino. Ubao mzuri ukaenda kulia.

“Taratibu,” akaonya. “Chaga si ubao. Na mimi nikigonga, ujue nimegonga.”

“Nasikia, mama.”

Dereva akapanda, naye mke akagonga mara mbili. Lori likatetemeka, likaanza kurudi. Chaga ya kwanza ikalia ka! Ya pili ikafuata. Zilikuwa zikivunjika moja baada ya nyingine, kama mtu anatafuna miwa, naye akigonga tu, bila haraka, mkono umelowa tope, macho hayatoki kwenye tairi. Chaga za chini zikastahimili. Tairi likapanda, likashika, na lori likatoka kwa kishindo, likarudi mpaka pakavu bila kusimama, maana ukisimama njiani umezama upya.

Mama Mbao aliuokota ubao, akakusanya vipande vya kitanda, akapanda kilima kwa miguu. Alimkuta dereva ameshikilia usukani, mota inaunguruma.

“Iko njia ya juu,” mume akasema, macho mbele. “Ni ndefu, ila kavu. Kabla ya jua kuchwa tutakuwa kwenu.”

“Huyo utingo wako anajua kugonga?”

“Atajifunza.”

“Na mpaka ajifunze, lori litakuwa wapi?”

Dereva akafikiri. “Litakuwa pale,” akaonyesha bondeni kwa kidevu.

“Basi mwambie asije.”

“Nitamwambia.”

“Na dada yako?”

Hapo akameza mate. “Naye nitamwambia.”

“Nikiwapo. Nataka nisikie kwa masikio yangu.”

“Ukiwapo.”

Mama Mbao akatupa vipande vya chaga nyuma ya lori, juu ya fremu tupu ya kitanda. Hakupanda mbele. Pale palikuwa pembamba, lori haligeuki, ilibidi kurudi kinyumenyume mpaka njia panda.

“Kushoto una shimo,” akasema, akasimama ubavuni. “Sikiliza.”

Akagonga mara mbili.

Walilala kwenye mkeka masika yote yale, maana mbao mpya za kitanda zilikuwa hazijachongwa na mume alikuwa na kazi nyingi, au alijifanya anazo. Hata miaka mingi baadaye, mume alipokuwa ametangulia na lori limeuzwa vipande vipande, Mama Mbao alikuwa akisema kwamba vitanda ameviona vingi, vya chuma na vya springi, lakini usingizi kama ule wa kwenye mkeka hajaupata tena.