Nilivyostaafu Uchekeshaji Nikiwa Kidato cha Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipangiwa kituo cha foleni ya uji. Nilikuwa Kidato cha Kwanza, kikombe mkononi, baridi ya Karatu inang'ata masikio, nikaigiza Mwalimu wa Nidhamu anavyotembea. Foleni nzima ilicheka, isipokuwa mtu mmoja aliyesimama nyuma yangu. Nyinyi wadogo mnaoingia fani leo, shikeni hili: kabla hujamwigiza mtu, geuka kwanza.

Baadaye nilihamishiwa mahafali, kisha sikukuu ya mavuno kanisani. Huko ndiko nilikojifunza kuseti, yaani kuwafanya watu wasubiri jambo, na panchi, yaani kuwapiga na jambo jingine kabisa. Kuseti bila panchi ni kumwita ng'ombe kwa ndoo tupu: atakuja mara moja tu.

Kilele cha utumishi wangu kilikuwa pale televisheni ilipokuja Karatu kurusha vichekesho mubashara, ikataka na mwanafunzi mmoja. Mkuu wa Shule aliniita.

"Ukituaibisha, kipaza sauti cha shule hutakigusa tena mpaka umalize Kidato cha Nne."

"Na nisipowaaibisha, mkuu?"

"Toka nje."

Pembeni ya jukwaa Mkurugenzi wa Vipindi, dada mmoja mkali mwenye vifaa masikioni, naye akanipa la kwake: "Dogo, hii ni mubashara. Neno likitoka halirudi. Kimya kikizidi nainua mkono, tunaweka tangazo la sabuni, na wewe ndiyo basi."

Nikaanza na mzungu aliyempiga picha punda akidhani ni pundamilia aliyefuliwa. Kimya. Jamani, ukumbi ulijaa madereva wa utalii! Kichekesho hicho wao ndio walionifundisha. Nikaona mkono wa Mkurugenzi unaanza kupanda.

Mstari wa mbele alikaa bibi yangu mzaa baba, aliyepanda lori la vitunguu kutoka Baray, kitenge cha Krismasi mwilini. Bibi na mjukuu ni watani. Nyumbani hatumalizi salamu bila kuchokozana. Nikamnyooshea kidole.

"Yule pale bibi yangu. Amekula chumvi mpaka tembo wa Ngorongoro wakimwona wanamwamkia shikamoo. Analima vitunguu ili akilia kwa ajili yangu asingizie shamba!"

Hakucheka mtu. Mama mmoja wa kwaya akafoka: "We mtoto! Mzazi wako huyo, mbele ya nchi nzima!"

Hapo ndipo ujuzi unapoishia. Utani unataka wawili. Anayetaniwa akijibu, ni utani. Akinyamaza, umemtukana mkubwa wako, na hakuna wa kukutetea. Bibi alikuwa amenyamaza, kichwa ameinamisha. Kipaza sauti cha shule nilikisahau palepale. Nikawaza atapandaje lile lori kurudi nyumbani.

Kumbe alikuwa anatafuta fimbo yake chini ya kiti. Akasimama.

"Tembo wananiamkia kwa sababu wana adabu," akasema. "Wewe nilikulea kwa maziwa ya ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe amejuta."

Ukumbi ukalipuka. Hakuwa amemaliza.

"Nilimwambia mama yako tukubadilishe na mbuzi, akakataa. Mbuzi angekuwa ameshazaa mara ngapi!"

Mama wa kwaya alikuwa anapiga kiti kwa kiganja. Mkono wa Mkurugenzi ulishuka, ukashika mbavu.

Jumatatu Mkuu wa Shule aliniita tena. "Televisheni wamepiga simu. Wanamtaka yule mchekeshaji apande jukwaani."

"Mimi, mkuu?"

"Bibi yako."

Ndivyo nilivyostaafu, bila sherehe wala baiskeli ya kuagwa. Jumamosi nikapeleka habari Baray. Nilimkuta bibi uani, anakata mikia ya vitunguu.

"Nipande peke yangu, nikamchokoze nani?" akasema. "Waambie tunakuja wote, la sivyo haji mtu. Kaa hapo ukate. Na unitanie huku unakata, nisije nikapoa."

Nikamwambia kwa umri wake televisheni itabidi imwonyeshe bila rangi.

Alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Alisema ni vitunguu.