"Ni Kweli" Mbele ya Baba Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini, katika mahakama ya mwanzo huko Iramba, hakimu mfawidhi alinikabidhi jalada na kuniambia, "Karani, andika anachosema mshtakiwa. Unachokijua wewe kibaki nyumbani kwako." Nilimtii miaka yote, na hilo ndilo linaloniuma.

Ninyi vijana mnaosomea sheria mnadhani kesi zote huamuliwa kwa ushahidi. Nyingi tulizimaliza asubuhi moja. Nilisoma shtaka, mshtakiwa akajibu "ni kweli" au "si kweli". Akikiri, alisomewa maelezo ya kosa. Akiyakubali nayo, alitiwa hatiani palepale, na mashahidi wakarudi kwao bila kuulizwa kitu. Wapo waliokiri kwa sababu tu mvua imeanza na shamba halijalimwa.

Nilipohamishiwa Singida vijijini, aliletwa mrina asali mmoja, Hamisi, kutoka kando ya msitu wa Mgori. Alishtakiwa kuiba asali kwenye mizinga ya baba mkwe wake. Mkwe mwenyewe, ndiye mlalamikaji, aliketi benchi la mbele. Hakimu alikuwa mtu makini, ila mgeni wa mkoa. Mimi ni Mnyaturu. Nilijua kwetu mtu hambishii mkwe wake hadharani, hata macho hamkazii.

Hamisi aliinamisha kichwa. "Ni kweli."

"Hujalazimishwa na mtu?" hakimu akauliza.

"Hapana, mheshimiwa."

Mmoja wa wazee wa baraza, wale wanaokaa na hakimu kuamua shauri, alikohoa akanitazama. Mimi nikaandika. Hamisi alifungwa miezi sita.

Alikuwa ametoka wiki moja tu, mwizi halisi alipokamatwa kwenye mizinga ileile. Hamisi akaja ofisini kuomba nakala ya hukumu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kwa nini hukukana?"

"Ningemwitaje baba mkwe mwongo mbele za watu? Nilikuona pale, mtu wa nyumbani. Nikajua utamweleza hakimu."

Hakupandisha sauti. Nilimpa nakala yake, akashukuru, akaondoka. Niliona aibu hata kumsindikiza mlangoni.

Sasa nimestaafu. Barua ya kuniaga inasema kumbukumbu zangu za mashauri hazikuwahi kuwa na kosa. Ningesomewa shtaka langu leo, ningejibu kama alivyojibu Hamisi, ila mimi ningekuwa nasema kweli.