Mama mkwe wangu na drive Z

Leo nimemgombeza mume wangu bure, tena mbele ya mteja.

Napiga video za harusi hapa Mpanda. Kazi zote nahifadhi kwenye kiboksi cha diski kilichopo sebuleni. Kompyuta yangu ya chumba cha nyuma inakisoma kwa waifai, kinatokea kama drive Z.

Bi harusi mmoja wa Kakese kaja kuchukua video yake. Kuiweka kwenye flashi huwa dakika kumi.

Leo kompyuta inaniambia itachukua masaa sita!

Nikampigia mume wangu kazini. "Umeacha mpira wako unajidownload tena?"

"Mke wangu, sijagusa kitu."

Nikamwita muongo. Bi harusi akaangalia sakafu.

Nikaenda na bi harusi sebuleni nikakizime kiboksi na kukiwasha upya. Nyie! Mama mkwe wangu, mjane, mgeni wetu kutoka Ikola, kakaa mbele ya TV anatazama harusi ileile, kutoka kiboksi kilekile. Anarudisha kipande kimoja tu, mzee wa suti ya kahawia akicheza.

"Mama, unanikwamishia kazi!"

"Subiri mwanangu. Hayo mabega unayaona?"

Bi harusi akacheka. "Huyo ni baba yangu mdogo. Mke wake alifariki zamani."

"Pole sana," mama akasema, akapunguza sauti. "Anaishi wapi?"

TV ilipozimwa, drive Z ikakimbia. Bi harusi kaondoka na video yake, pamoja na namba ya mama mkwe.

Mume wangu nimeshamuomba msamaha. Habari ya mzee bado hajaijua. Nyie mngeanzaje kumwambia?