Majoho ya Kwaya na Kitenzi cha Uvundo

Miaka ile ya elfu mbili, pale Sanyuanli, Guangzhou, pua yangu iliheshimika kuliko risiti. Sisi tuliopeleka mizigo Tanzania tulikuwa na utaratibu wetu: kabla boksi halijafungwa, unaingiza uso mzima, unanusa. Gundi mbichi, ngozi ya uongo, ukungu, vyote nilivikamata. Wenzangu waliniita niwanusie viatu vyao. Niliringa, ndiyo, na nilikuwa na haki ya kuringa.

Mwaka mmoja nikapokea oda ya kanisa letu la Mbeya: majoho sitini meupe ya kwaya, ya siku ya kufungua kanisa jipya. Kabla sijasafiri nilisimama kanisani mbele ya kina mama wote nikasema, hilo niachieni mimi. Majoho yakakaa stoo majuma matatu yakingoja nafasi kwenye kontena, msimu ule wa unyevu ambao kuta za Guangzhou hutoka jasho. Jumamosi nikafungua boksi la juu, nikanusa, nikasema safi, fungeni, Jumatatu yapakiwe.

Nilichoficha ni mafua. Wiki nzima sikuwa nasikia hata harufu ya chai yangu. Sasa ningeanzaje kusema, mimi, mwenye pua?

Jumapili tulisali kwenye chumba cha kupanga, mtaa wa Dengfeng. Aliyefundisha alikuwa Mkongo muuza simu, aliyewahi kusomea upadre Lubumbashi akaishia njiani. Somo lilikuwa lile la marehemu wa siku nne, dada yake akizuia jiwe lisiondolewe kaburini kwa kuwa maiti ananuka. Mkongo hakuweza kujizuia kutuonyesha Kigiriki chake. Kitenzi pale ni ozo, alisema, na ni ndugu wa mbali wa odeur, harufu kwa Kifaransa. Wagiriki wa zamani walikitumia hata kwa maua na mvinyo. Haikuwa lazima kitu kivunde. Ila kikiachwa peke yake, bila kutajwa harufu ya nini, watu walielewa uvundo. Hata ile hewa kali inayosikika baada ya radi, ozoni, wataalamu waliipa jina kutoka humo humo. Nilikuwa nasinzia.

"Sasa angalieni, mama zangu," akasema. "Jiwe bado liko pale pale. Huyu dada hajanusa kitu. Amehesabu siku."

Usingizi ukaniisha. Majuma matatu, kuta zinatoka jasho, na mimi nimesema safi.

Baada ya sala nilimvuta pembeni nikamweleza yote, mafua na uongo wangu. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe pua ya Sanyuanli imefunga duka!" Niliona aibu, nikakasirika, kisha nikamwambia kesho asubuhi anisindikize.

Tulikuta maboksi yameshapandishwa kwenye lori. Nikaomba moja la chini, nikakata utepe, nikazamisha uso ndani ya joho. Hakuna kitu. Nikampa yeye. Alinusa mara moja, akarudi nyuma hatua mbili, akanitazama bila kucheka.

"Mama, wewe unasikia nini?"

"Sisikii kitu," nikasema. Kisha nikamgeukia mwenye lori. "Shusha yote, yakafuliwe upya. Kanisa likifunguliwa bila majoho, nitasimama pale pale niliposimama, niwaambie ni mimi."